Mjomba, ubunifu haununui bureti

Mjomba, shikamoo.

Ningeweza kukupigia simu, lakini uliyoyasema uliyasema mbele ya ukoo mzima, watu wakiwa bado na sahani za pilau mkononi. Basi na mimi najibu mbele ya watu. Jina lako silitaji. Watakaokutambua watakutambua.

Ulisema mambo mawili. La kwanza lilikuwa swali juu yangu: mtoto amesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), amefaulu, anakwendaje ualimu? La pili hukuuliza, ulihukumu. Ulisema walimu wa sayansi wa siku hizi hawana ubunifu, kazi yao ni kulilia maabara, wakati ninyi mlisoma kwa shida na mkaelewa. Lingetoka kwa mtu mwingine ningeliacha lipite. Wewe ni mjumbe wa bodi ya shule. Neno kama hilo unaingia nalo kwenye kikao.

Tuanze na hiyo shida mliyosomea. Wewe umesoma shule ya bweni kongwe ya serikali. Ulinisimulia mwenyewe: meza nzito za mbao zenye bomba za gesi, kabati la kemikali lenye kufuli, na mzee wa koti la kaki ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa vifaa kabla kipindi hakijaanza. Shida yenu ilikuwa uji mwepesi na maharage yenye wadudu. Bureti, ile mirija yenye mistari na koki ya kupimia vimiminika tone kwa tone, mlikuwa nazo. Na sekondari enzi hizo zilikuwa chache. Wenzako wengi wa darasa la saba walibaki kijijini, nao hawamo kwenye hesabu unaposema "tulifaulu".

Sisi tuliingia wengi. Tangu MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulipoanza mwaka 2004 sekondari za kata ziliota kila mahali, na sitakubali mtu azidharau mbele yangu, maana bila ile ya kwetu nisingevuka darasa la saba. Ila madarasa yalitangulia, maabara zikafuata nyuma sana, baada ya Rais Kikwete kuagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Michango ya mwaka 2014 unaikumbuka. Mtendaji alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, baba akatoa huku ananung'unika, na jirani yetu mmoja akawa anashinda shamba hadi giza liingie ili asikutwe.

Mwaka 2017 nilipoingia kidato cha kwanza nilizikuta hizo maabara. Moja ilikuwa stoo ya mahindi na madawati yaliyovunjika. Ya pili ilikuwa darasa la kidato cha pili B. Ya tatu ndiyo iliyoitwa maabara: meza za zege, masinki yaliyozungushiwa vigae vyeupe, mabomba yanang'aa. Maji hayakuwahi kufika. Bomba la kutoka barabarani liliishia getini, na masinki yakawa mahali pa kuweka mabegi wakati wa kipindi.

Jambo linaloniuma ni kwamba shule ya msingi tulikuwa tumeanza vizuri. Mwalimu wetu wa sayansi darasa la tano alitupa maharage, pamba na makopo. Kopo moja likawekwa dirishani, lingine kabatini, na kila asubuhi tukapima kwa rula. La kabatini likarefuka kulishinda la dirishani, jembamba, la njano. Tulibishana wiki nzima: kama mmea unahitaji mwanga, mbona wa gizani umekuwa mrefu zaidi? Mwalimu hakutupa jibu siku hiyo. Alituambia tusubiri, na wa gizani ukaanguka.

Sekondari ubishi ule ulikwisha. Masomo yakageuka Kiingereza, nasi tukageuka wanakili. Mwalimu wa kemia alikuwa mmoja kwa shule nzima, mtu mwema, anachora ubaoni kwa ustadi ajabu. Bureti yake ilikuwa na mistari yote, koki, stendi, na mishale ya majina. Nilijua kuichora kwa macho yaliyofumbwa kabla sijajua kwamba ni ya kioo. Nilidhani ni chuma.

Sasa nikupe hesabu ambayo huenda bodi haijawahi kuiweka mezani. Mtihani wa kidato cha nne wa kemia una karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Theluthi nzima ya mtihani inamsubiri mtoto kwenye chumba ambacho hajawahi kufanyia kazi. Zamani Baraza la Mitihani lilikuwa na karatasi mbadala kwa shule zisizo na maabara: mtoto anajibu kwa kalamu maswali ya jaribio ambalo hakulifanya. Ilikuwa dawa mbaya, lakini angalau ilikiri kwamba kuna ugonjwa.

Kwetu vifaa viliazimwa shule ya jirani, mtihani ukiwa umekaribia. Tukapangwa kwenye makundi makubwa, kila kundi na bureti yake moja. Unajua ilivyokuwa? Wavulana wawili wanashika, wengine wanachungulia, na msichana anaambiwa, "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Nikaandika. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja naye akaandika. Yeye kwenye nadharia alikuwa ananiacha mbali. Mole, ukolezi, milinganyo, anakokotoa kichwani wakati mimi bado natafuta kalkuleta.

Siku ya mtihani tulikuwa meza za jirani. Ukiwa hujazoea, koki ya bureti haina huruma. Mkono wa kushoto unaishika kwa nyuma, wa kulia unazungusha flaski, jicho liko kwenye rangi. Tindikali inaingia, inaingia, njano ya methili orenji, kile kiashiria cha rangi, haibadiliki, halafu tone moja tu linaigeuza. Ukichelewa kufunga umeshapita, na huwezi kurudi. Yeye alipita. Akamwaga, akaanza upya, akapita tena. Tindikali ikamwishia kabla hajapata vipimo viwili vinavyokaribiana. Kemia alipata D, na tahasusi ya sayansi ikamfungia mlango. Sasa ana duka la vipodozi, mambo yake yanakwenda, na ukimtajia kemia anabadilisha mazungumzo.

Huyo, mjomba, alikosa ubunifu?

Najua utanitajia Erasto Mpemba, maana kila mtu anayetaka kuonyesha kwamba mtoto wa Kitanzania anaweza kufanya sayansi bila chochote humtaja yeye. Tumtaje basi, ila tumtaje vizuri. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinagombaniwa, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, darasani ikawa utani: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia.

Hapo ndipo wasimuliaji wetu hukomea, wakaruka hadi alipopata umaarufu. Wanaruka sehemu ninayoipenda mimi. Huko huko Mkwawa, alikokwenda kwa kidato cha tano na cha sita, siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na haina mtu. Akachukua bika mbili ndogo, vile vikombe vya maabara, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya maabara. Baadaye Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba aliuliza lile lile swali. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akataka lijaribiwe, na mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education. Wanafizikia wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawauoni huo ushahidi, na kwamba mahali pa kuweka kipimajoto peke yake panaweza kukupotosha. Mpemba mwenyewe aliishia kwenye kazi ya wanyamapori, kama unataka kujua nchi ilimfanyia nini.

Sasa ondoa friza ya Magamba, ondoa bika na friza ya Mkwawa, halafu uniambie kama jina lake tungelijua. Kuuliza aliuliza kwa kichwa chake. Kuhakikisha alihakikisha kwa vifaa vya shule.

Usidhani nadharau kufaragua, yaani kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyopo. Chuoni ndilo neno tunaloamka nalo na kulala nalo, na mwaka jana nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nililitumia hadi wanafunzi wakawa wananiita madam choya. Nilichemsha choya kavu za sokoni, zile za juisi, nikaingia na maji yake mekundu kwenye chupa ya plastiki, ndimu, na magadi ya kupikia maharage. Nikagawa kwenye glasi. Ukikamulia ndimu, wekundu unakolea. Ukitia maji ya magadi, rangi inapita zambarau inakuwa kijani kichafu. Darasa likapiga kelele. Halafu binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa siku zote hizo sikuwahi kusikia sauti yake, akauliza: "Madam, hii ya kijani nikiikamulia ndimu, itarudi?"

Nikamwambia njoo ukamue.

Povu likapanda hadi ukingoni, yeye akaruka nyuma, na lilipotulia maji yalikuwa mekundu. Hakuna aliyejali tena rangi. Wote walitaka kujua povu limetoka wapi, na hewa gani ile. Mada ya kabonidioksaidi ilikuwa muhula unaofuata. Nikaifundisha siku hiyo hiyo. Kesho yake nilileta sirinji za duka la dawa wakawa wanahesabu mililita za ndimu zinazotosha kurudisha wekundu, na mabishano yalikuwa yale ya maharage ya darasa la tano.

Kwa hiyo ubunifu upo. Kwenye fizikia unafika mbali zaidi: uzi, nati ya baiskeli na saa ya simu vinakupa pendulamu kamili, na mtoto anaweza kukokotoa mvutano wa dunia chini ya mwembe. Ila ubunifu una mahali unapoishia, na mahali penyewe panajulikana. Sirinji haimfundishi mtoto kufunga koki kwenye tone la mwisho. Choya haiko kwenye meza ya mtihani. Na mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki, anayenunua ndimu kwa mshahara wake, huwezi kumsimamisha kikaoni ukamwambia hana ubunifu, wakati shule yenyewe haina hata ndoo ya maji maabara. Siku hizi kufaragua kumegeuzwa jibu la kila asiyetaka kutoa fungu. Hilo ndilo linanikera.

Umeuliza kwa nini ualimu. Kidato cha tano nilipelekwa shule yenye maabara inayofanya kazi, na huko tulifika wengi tukiwa mabingwa wa kupika data. O-level tulifundishana: jibu la mvutano ni 9.8, basi anzia hapo urudi nyuma, jaza jedwali. Mwalimu wetu wa fizikia aliliona jedwali langu la kwanza, limenyooka kama rula, akalisukuma pembeni bila kelele. "Rudia. Uandike ulichokiona." Nikarudia nikapata 9.4. Nilitegemea alama nyekundu ya kosa. Akavuta stuli akakaa, akaniuliza uzi niliupima kuanzia wapi hadi wapi, na nilianza kuhesabu mizunguko kwenye moja au kwenye sifuri. Tulikaa pale hadi kengele ya chakula ikapita. Madaktari nawaheshimu, mjomba, na hospitali sikuzikimbia. Ila kazi ninayoitaka ni ile aliyokuwa anaifanya yule mtu pale kwenye stuli.

Sasa ombi, kwa kuwa barua bila ombi utasema ni malalamiko. Ruzuku ya elimu bila malipo ilipangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na inatarajiwa ibebe vitabu, chaki, karatasi, mitihani na ukarabati. Najua hakuna fedha iliyolala. Lakini bajeti inapita mbele yenu. Kikao kijacho uliza bomba la maabara liliishia wapi na nani alilipwa kulifikisha. Uliza kidato cha tatu wameshika bureti mara ngapi tangu Januari, na usikubali kujibiwa "vifaa vipo". Omba ukague chumba, ufungue kabati, uone kama maboksi yamefunguliwa. Mtaalamu wa maabara kama hamna, kijana aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuandaa vifaa kwa posho ndogo mkimpa mafunzo na msimamizi. Wakikwambia fungu halijatoka, uliza tena kikao kinachofuata.

Mimi namaliza mwaka wa tatu Julai. Foleni ya ajira unaijua ilivyo, kwa hiyo nikisubiri nitajitolea sekondari yoyote ya kata itakayonipokea. Ikiwa ni hiyo ya kwenu, sawa. Sirinji nitakuja nazo mwenyewe. Bureti nategemea kuzikuta.

Wasalimie nyumbani.

Mpwa wako