Wazazi wa shule yetu, Jumamosi njooni na mikono, sio kidole gumba

Wanangu, assalam alaykum, na msio Waislamu hamjambo. Mimi ni yule bibi wa mahamri na mbaazi wa pale getini, wengi wenu mumekula kwangu mkiwa na kaptura za shule na wengine madeni yenu ninayo hadi leo (natania, lakini si sana). Sasa hivi nna wajukuu wawili mle ndani, mmoja gredi 2 mwengine gredi 5, kwa hivyo leo siandiki kama muuzaji, naandika kama mzazi mwenzenu, na nimekasirika.

Hasira yenyewe ni ya Jumamosi ilopita. Mwalimu mkuu aliandika kwenye grupu la WhatsApp siku kumi kabla, kwamba masika yameingia na watoto warudi, wazazi tuje tusafishe shule. Watu wakajibu, tena wakajibu, simu ikalia mpaka ikaisha chaji, "inshallah", "tuko pamoja", vidole gumba vimepangana kama madafu soko la Kongowea. Siku yenyewe nimefika saa moja asubuhi na fagio langu, tukahesabiana: tisa. Tisa wanangu, na kwenye hao tisa watatu ni mabibi wa umri wangu, na mmoja ni kijana wa bodaboda asiye na mtoto pale, alisimama kuuliza kuna nini, akaegesha pikipiki akashika jembe. Jioni ile ile grupu likawaka moto, kumbe watu wako, wabishana rangi ya tisheti za siku ya michezo!

Na kuna mmoja (anajijua) alinitumia mia tano kwa M-Pesa, ati "bibi huo ndio mchango wangu wa usafi". Nimemrudishia. Pesa haina magoti, haiwezi kuinama ikasugua pipa.

Hili la pipa nataka nilieleze maana naona wengi mwadhani usafi ni kupendezesha shule wageni waje. Yale mapipa ya maji nyuma ya jikoni, na gata zilojaa majani ya muembe, na yale matairi watoto wachezea, hayo yote mvua ikinyesha yajaa maji, na yule mbu mwenye madoa meupe miguuni hataki maji ya mtaro, yeye apenda maji safi yalotulia. Na huyu haumi usiku mukiwa ndani ya chandarua, auma mchana, mtoto yuko darasani kanyoosha miguu chini ya dawati. Mwauliza kwa nini nasema kusugua na sio kumwaga? Kwa sababu mayai yake huyabandika ukingoni mwa pipa juu kidogo ya maji, ukimwaga maji mayai yabaki, yakauka, yakakaa miezi, siku maji yakirudi yaamka. Lazima brashi. Mimi nimesahau mengi lakini mwisho wa 2017 kuingia 2018 sijausahau, chikungunya, homa aiambukizayo mbu huyo huyo, ilipopiga Mombasa hii, nyumba yetu tulilala watu watano, nilikwenda chooni nimeshika ukuta, na hili goti la kulia mpaka leo baridi ikipita lanikumbusha. Sasa mtu aniambie hana muda wa kusugua pipa!

Kinachoniuma zaidi ni kuwa sio kwamba hatujui kujitolea. Twajua sana. Ikiwa kuna harusi mtaani nani huandikiwa barua? Usiku wa kuamkia pilau wanawake wamejaa uani, huyu achambua mchele, huyu amenya vitunguu, huyu aponda thomu, watu walia na kucheka mpaka alfajiri na hakuna aliyelipwa. Kukiwa na maziko, wanaume hao hao wasionekana shuleni wagombania jeneza, wapokezana jembe kaburini, mtu aacha kazi yake atoka Likoni avuka feri aja kuzika. Nimefikiria sana kwa nini shule hatuifanyii hivyo na nilichoona ni hiki: harusini watu wakuona, na wajua kesho nawe utaoza mwanao, watakuja kwako. Shule haiozi. Ukisugua pipa hakuna atakayekuja kukusugulia la kwako. Basi twaiacha.

Na mimi sijitoi. Nimekaa pale getini miaka mingi, nimesomesha watoto wanne kwa mahamri, na miaka yote hiyo nilikuwa nikimaliza kuuza nafunga beseni langu naenda zangu. Sikuwahi kuingia ndani hata kuuliza choo cha wasichana kina mlango. Nimeingia nilipopata wajukuu. Mlango haukuwapo.

Mtasema serikali ifanye. Naam, ifanye, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Yatoa shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka mzima, gawanyeni wenyewe kwa siku, haifiki hata shilingi nne, hamri langu moja ni kumi. Na tangu 2023 gredi 7 wamewekwa mumo humo, watoto wameongezeka na vyoo vyetu ni vile vile. Halafu waheshimiwa waja na magari matano na mpiga picha kukabidhi madawati kumi, wakiondoka mawili yameshalegea. Lakini tukikaa barazani na kahawa tukitukana serikali, pipa lajisugua?

Tena sheria ya elimu ya msingi ya 2013 yasema kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni wa chama cha wazazi. Hukuomba uanachama na huna pa kujitoa. Mkutano mkuu uko mwezi huu, njooni mkae mpaka mwisho, sio kutia sahihi na kukimbia kisha kuuliza kwenye grupu "walisema nini".

Kuna na siku ya kupanda miti. Mimi sipandi mpaka tukubaliane nani atatia maji. Ile sikukuu ya tarehe 13 Novemba 2023 tulipanda miche arubaini, picha zikapigwa, ikaja kaskazi na jua lake hakuna aliyekuja na mtungi, leo imebaki mwarobaini miwili na mmoja wapo mbuzi ameula nusu.

Siku ya michezo twahitaji watu wa maji, wa kivuli, na wa kuangalia geti. Siku ya kusomea watoto hadithi njooni hata kama shule hamkumaliza, ngano za bibi zenu zatosha. Na akina baba, jamani, akina baba.

Lakini hapo kwenye kusaidia watoto nisikizeni. Binti yangu yuko Uingereza, kwao saa hizi baridi yaondoka miti yachipua, na shule ya wanawe wana sherehe ya msimu huo, wazazi waoka keki wauza, wapaka watoto rangi usoni. Akanambia huko mzazi akitaka kukaa na watoto darasani kila wiki, huangaliwa rekodi yake ya polisi kwanza. Sisi cheti cha tabia njema twakikimbilia tukitaka kazi Dubai tu. Mimi naomba kamati iwadai cheti hicho hao wa kila wiki, hata mimi nidaiwe, na mtu yeyote asibaki peke yake na mtoto darasani, awe sheikh, awe pasta, awe mjomba wa nani. Atakayekasirika akasirike.

Basi, Jumamosi hii twarudia, saa moja asubuhi sio saa mbili na nusu. Mahamri na chai ni juu yangu, kwa waliofanya kazi. Kila mtu aje na brashi yake. Na mwenye ngazi ndefu tafadhali aje nayo, ya shule imevunjika kidato cha tatu na yule kijana wa bodaboda ndiye aliyejitolea kupanda kwenye gata, sitaki aanguke.