Aika, usitume hiyo hela

Aika mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, Maria anarefuka tu, Baba Maria yuko kwenye kahawa yake, na mvua ni ile ile ya kuanzia Novemba, hazikauki nguo wala kuni. Nakuandika haraka. Yule padre wa SVD, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, aliyekuja likizo kwao kijiji cha pili anarudi Tanzania, gari linaondoka alfajiri, na amekubali kuibeba barua hii. Ningeweza kukurekodia sauti, lakini jambo lenyewe halifai kwa sauti. Nataka ulisome mara mbili, kisha Shirima naye alisome.

Ni kuhusu kile kiwanja cha ufukweni mnachotaka kununua huku kwetu, kisiwani Flores, Indonesia. Aika, nakuomba, usitume hiyo hela.

Na lile ombi lako la pili, kwamba mume wangu, Baba Maria, aandikwe yeye kwenye hati halafu ninyi muwe wenyewe kimyakimya, jibu letu ni hapana. Tumelizungumza na mwenzangu mpaka taa ikaisha mafuta. Najua litakuuma. Ningekuwa karibu ningekuja kwenu na jani la sale la kuombea radhi mkononi ili unisikilize kabla hujakasirika. Sasa nisikilize hivi hivi kwenye karatasi.

Sheria ya ardhi ya Indonesia ni ya 1960, namba 5. Kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili ni wa raia peke yake. Kinachonitisha mimi ni kifungu cha 26: mkizunguka na kumpitishia mgeni ardhi kwa mlango wa nyuma, mauziano yanabatilika, ardhi inakuwa ya serikali, na malipo yaliyokwisha kufanyika hayadaiwi tena. Hayadaiwi! Yaani muuzaji akikugeuka, hata mahakamani huna pa kushika. Dalali wenu anasema kila mtu anafanya hivyo. Wapo wengi, kweli. Wanalala usingizi siku zote ambazo mwenye jina hajabadili mawazo, hajagombana nao, na hajafa.

Usione kama wana roho mbaya. Kwetu Tanzania nako, kwa sheria zile mbili za ardhi za 1999, mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Angetokea Mwindonesia anataka kununua kihamba, shamba la ukoo, cha baba yako kwa jina la Shirima, ungemkaribisha ndani?

Hata mimi niliyeolewa hapa, nikirithi shamba au mali ya ndoa ikichanganyika, nina mwaka mmoja wa kuiachia. Zamani hata raia aliyeoa mgeni alikwama, kwa sababu mali ya ndoa ilihesabiwa ya wote wawili. Afadhali ilikuja 2016, Mahakama ya Katiba iliporuhusu wanandoa waandikishane mkataba wa kutenganisha mali hata baada ya harusi. Ile safari yetu ya kwenda kwa notari, mwanasheria wa hati, mjini Ruteng niliyokuhadithia ilikuwa ya hilo. Nilitia sahihi kwamba nyumba ninayolala si yangu. Nilitia kwa moyo mweupe, maana namwamini aliyekaa pembeni yangu. Wewe huyo dalali unamwamini kwa lipi?

Lakini sheria ni nusu tu, na nusu nyingine picha za simu hazionyeshi.

Huku Manggarai, upande wetu wa magharibi mwa Flores, ardhi ni ya ukoo. Mashamba yao ya zamani, lingko, hayakugawanywa kwa mistari iliyonyooka kama viwanja vya Moshi mjini. Karibu na Ruteng, pale Cancar, ukipanda kilima unaona mpunga umetandazwa kama utando wa buibui, kila kipande kimeanzia katikati kikazidi kupanuka kuelekea nje. Hapo katikati, kwenye lodok, huchomekwa mti, mnyama huchinjwa, kisha mzee wa ardhi, tu'a teno, hupima fungu la kila mtu kwa upana wa vidole. Kidole kimoja tu pale kwenye mti, ukikivuta mpaka kwenye mpaka wa nje, ni shamba la kulisha nyumba nzima. Mkubwa hupata vidole zaidi, mdogo hupata vichache, na watu hushuhudia. Mti wa katikati ya shamba la ukoo wetu nimeuona. Umeoza, kimebaki kigutu kimeota kuvu, mbuzi anaweza kukiangusha. Lakini muulize mtoto yeyote wa hapa, atakuonyesha kidole cha babu yake kilianzia upande gani wa kile kigutu.

Sasa mume wangu, mtu wa milimani, jina lake lionekane kwenye ufukwe wa ukoo mwingine. Wazee wa kule watauliza: nani amekupa? Ulileta kuku lini, ulileta tuak, pombe ya mnazi, lini, uliketi na nani? Wazee wa huku nao watamwita kwenye nyumba ya ngoma, nyumba kuu ya ukoo, wamuulize anauza jina la nani, maana hilo jina wamempa wao. Hawezi kulikopesha, Aika. Si lake peke yake.

Halafu ufikirie mbele. Mungu apishie mbali, lakini Baba Maria akifa, hati ina jina lake. Kaka zake watasema ni mali ya ukoo. Maria ni wa kike, na kwa mila yao wa kike huhesabiwa mtu wa nje kwa kuwa ataolewa. Mimi mgeni. Wewe hakuna anayekujua. Nani atasimama akusemee?

Hilo la Maria linaninyima usingizi hata bila kiwanja chako. Wana zawadi ya ardhi ambayo mzazi anaweza kumpa binti, huiita widang, na baba yake ameahidi kuisemea kwa wazee. Sawa. Ila akifika miaka 18 ataanza kutakiwa kuchagua uraia, mwisho 21, na kwetu nako mtu mzima haruhusiwi kushika mbili. Akichagua Tanzania anapoteza kile kipande. Akichagua huku... Tuyaache kwanza, nitakuandikia siku nyingine nikiwa na nafasi.

Narudi kwenye ufukwe. Tangu watalii wanaokuja kuona mijusi mikubwa ya Komodo waongezeke, na hasa baada ya mkutano wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, wa Mei 2023 pale mji wa pwani wa Labuan Bajo, barabara zimechongwa na bei za ardhi zimepaa. Ndugu waliokuwa wakila sahani moja sasa wanashtakiana. Huyo dalali amewatumia picha za bahari. Je, amewatumia namba ya hati mkaihakiki ofisi ya ardhi? Ameketi na wazee wa pale? Kama hajaketi, anawauzia upepo.

Kama nia yenu ni kweli kuishi huku, ipo njia iliyo wazi. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata nyumba kwa haki ya kutumia: miaka 30, huongezwa 20, kisha huweza kufanywa upya 30 mingine. Ina masharti yake na gharama zake, lakini inaandikwa kwa jina lako mwenyewe, na hakuna wa kukuamsha usiku.

Ila njooni kwanza! Hamjawahi hata kukanyaga hapa. Njooni kati ya Mei na Septemba, njia ikiwa kavu na kahawa ikianikwa kila uwanja. Mtashukia uwanja wa ndege wa Labuan Bajo kwenye joto, halafu kilomita kama 130 hadi Ruteng, ambazo kwa kona zilivyo ni mwendo wa saa nne au zaidi. Shirima akae mbele, namjua tumbo lake. Leteni masweta, Ruteng ni baridi kama kwenu juu. Kutoka hapo mtapanda oto kol, lori lililofungwa mabenchi ya mbao: chini ya miguu magunia, pembeni nguruwe amefungwa kwenye mwanzi, na muziki wa kutetemesha mbavu. Mvua ikiporomosha udongo, abiria wote hushuka kusukuma, na hakuna anayelalamika. Nitawapeleka na kijiji cha Wae Rebo, mpande kwa miguu kutoka Denge mpaka kwenye zile nyumba saba za paa refu lililoshuka hadi karibu na ardhi. Mkae na wazee, mnywe kahawa yao, muone ardhi inavyoombwa. Mkitoka hapo bado mnautaka ufukwe, tutakwenda wote kuuliza kwa miguu yetu.

Sasa nijibu, na usinifiche. Mmeshalipa chochote, hata cha kushika? Dalali mlimpatia wapi? Hiyo hati ina jina la nani? Shirima amekopa chamani kwa ajili ya hili, au ni ile pesa ya Kelvin ya chuo? Mama goti linaendeleaje? Na Fidelis ni kweli kaacha utawa, au ni maneno ya sokoni tu? Kahawa mmeuza bei gani msimu huu?

La malipo lijibu kwanza, hata kwa ujumbe wa neno moja. Baba Maria anashuka Ruteng Jumamosi na simu yangu anakwenda nayo.

Akupendaye,
Mama Maria