Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe cha Kibirizi, Kigoma

Wanangu,

Asalaam aleykum, na Bwana Yesu asifiwe, maana kijiwe chenu kina wa msikitini na wa kanisani. Nawe uliyesema huna dini, hujambo?

Nimekasirika. Juzi, pale wanapoanika dagaa, mlianza na swali jema kabisa: je, ulimwengu unahitaji Muumba? Mkamaliza kwa kumwita kijana wa Gungu kafiri, naye akawaita washamba. Tangu siku hiyo hamsalimiani. Na hoja mliyogombania mlikuwa mmeshaivunja wenyewe.

Mlisema kila kitu kina muumba. Akauliza, na Mungu je, kaumbwa na nani? Mkamzomea. Swali lake lilikuwa halali, kwa sababu Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyetetea hoja ya namna hii na kufariki mwaka 1111, hakusema hivyo. Alisema: kila kilichoanza kuwapo kina kilichokisababisha; ulimwengu ulianza kuwapo; basi una kilichousababisha. Mzigo wote umebebwa na neno "kilichoanza". Mkilidondosha, hoja inawageukia.

Ugumu uko hatua ya pili, na hapo kila upande ulikimbilia mlipuko mkuu (Big Bang), yaani wazo kwamba ulimwengu ulikuwa umesongamana na wa moto, kisha ukatanuka. Sikilizeni. Wazo lile lilijengwa na Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, kuanzia mwaka 1927, na padri huyohuyo alisisitiza kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini. Mwaka 1964, huko Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuta antena yao ina mvumo usiokatika. Wakasafisha hadi kinyesi cha njiwa, mvumo ukabaki. Yalikuwa masalio ya joto la zamani, ambalo leo limepoa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Yanatuonyesha kwamba miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu ulikuwa umesongamana na una moto mkali. Hayaonyeshi kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Ukizidi kurudi nyuma, milinganyo ya Einstein, ile ya mvutano inayotumika kueleza ulimwengu, inagoma. Na asiyeamini asidai kuwa fizikia imetoa ulimwengu pasipo na kitu: lile ombwe, yaani nafasi tupu, la wanafizikia lina nishati na kanuni zake, na hicho tayari ni kitu.

Sasa kaeni kitako, maana hapa ndipo mnapopotea kila siku. Chukueni karabai ya mtumbwini. Nani aliiwasha jioni? Hilo ni swali la mwanzo. Nini kinaifanya iwake sasa hivi? Mafuta, na pumzi iliyopampiwa kwenye tangi. Hilo ni swali la tegemeo. Hata mtu akiapa kwamba karabai hii inawaka tangu milele, swali la pili halijaguswa: mafuta yakikatika, ni giza. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, alijenga hoja yake hapo. Kitu ambacho kingeweza kutokuwapo hakijitoshelezi, hata kama hakina siku ya kuanza. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo alilipokea kwa imani. Bado akaona Mungu anahitajika. Hii ndiyo hoja ninayoisimamia, kwa sababu haingoji darubini mpya iiokoe wala haiogopi itakayokuja.

Ina wapinzani wazito. Mwaka 1948, kwenye redio ya BBC, mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alimwambia padri Frederick Copleston kwamba kila binadamu ana mama, lakini haifuati kuwa binadamu wote kwa jumla wana mama. Kwake, ulimwengu upo tu. Anayeamini asimkimbie Russell. Amjibu kwamba karabai mia zikipangwa mstari, bado mtu ana haki ya kuuliza mafuta yanatoka wapi.

Msiwatumie samaki wa rangi wa ziwa letu kuwa ushahidi. Wingi wa aina zao unaelezwa na mageuzi. Msimsomee aya mtu ambaye bado haamini kitabu. Na mkifika kwenye chanzo, hamjafika kwa Mungu asikiaye dua. Hiyo ni hoja nyingine, ina hatua zake.

Lakini lawama kubwa ni yetu wazazi na walimu. Mtoto anauliza Mungu alitoka wapi, tunamfokea kwamba anakufuru. Amefanya kosa gani? Anakua na swali lake, analipatia jibu kwenye video ya nusu dakika, kisha tunashangaa anatudharau.

Kikao kijacho, kila upande uanze kwa kuieleza hoja ya wenzake hadi wenyewe waseme, "Ndivyo." Asiyeweza, asijibu. Kabla ya siku hiyo, wawili wenu waende Gungu wakamwombe radhi yule kijana, na yeye afute lile neno "washamba".