KUH: Insha ya mjadala na kazi ya likizo, Kidato cha Tatu

Kwa wazazi na walezi,

Tunapofunga muhula wa pili, mtapokea ripoti pamoja na karatasi za Insha zilizosahihishwa. Msishangae kukuta Kiswahili sanifu, methali tele, kisha alama 9 kati ya 20. Wengi walianguka kwenye hoja.

Swali liliwataka wajadili kama marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Agosti 2017, imeifaa Kenya. Kosa lililorudiwa mno ni hili: "Marufuku ni nzuri kwa sababu inasaidia." Sentensi hiyo inazunguka palepale. Wengine walidai kuwa wanaoipinga ni wachafu. Huko ni kumrukia mtu na kuiacha hoja yake nzima. Wapo pia waliojibu upinzani, ila wakachagua ule mwepesi kuliko wote, eti mifuko ya zamani ilikuwa na rangi za kupendeza. Mtahini hampi mtu alama kwa ushindi wa aina hiyo.

Upinzani wenye uzito upo. Mifuko iliyochukua nafasi ya ile iliyopigwa marufuku, yaani ile inayofanana na kitambaa, mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Mwanafunzi aieleze hoja hiyo kwa haki ("Wapo wanaosema..."), akubali lililo kweli ("Ni kweli kwamba..."), kisha ajibu kwa sababu ("Hata hivyo, mfuko huo hutumika mara nyingi, wala haupeperuki ovyo hadi mitaroni kama ule mwembamba"). Yote matatu yakae katika aya moja. Jibu likingoja hitimisho, msomaji atakuwa ameshaegemea upande wa pili.

Maneno 400 yanatosha hoja tatu za kuunga na mbili za kupinga zilizojibiwa. Zikizidi, kila moja hupata mistari miwili na kukosa ushahidi. Methali, kwa kweli, si ushahidi.

Likizoni, tafadhali jadilianeni na mtoto kwa dakika 15: "Je, wanafunzi waruhusiwe kuja shuleni na simu?" Mpeni upande asioupenda. Mzazi atoe pingamizi. Mtoto alirudie kwa maneno yake hadi mzazi akiri, "Ndivyo nilivyosema," ndipo ajibu. Lugha yoyote ya nyumbani inafaa. Baadaye aandike insha kwa Kiswahili, apigie mstari pingamizi la mzazi, na aikabidhi kwa mwalimu wa Kiswahili siku ya kufungua shule.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu Mkuu