Barua ya wazi kwa vijana wa uhasibu na fedha wa Tabora

Wanangu na wajukuu zangu,

Mwangaluka.

Nimewasikia mkibishana kijiweni, chini ya mwembe, kama mtu wa fedha ana haja ya kujua kuandika programu za kompyuta. Huyu anasema bila Python, lugha ya kuandikia programu, hupati kazi, yule anasema CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, inatosha. Siku ile nilinyamaza. Lakini kwa niliyoyaona msimu uliopita kwenye mkutano wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku, siwezi kuendelea kunyamaza.

Mhasibu kijana, mwenye shahada yake, alifungua kompyuta akasoma malipo: mauzo, makato ya pembejeo, salio. Mama mmoja akasimama na daftari lake lililokunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Akasema jina lake limo kwenye orodha, ila fedha zake hazimo kwenye jumla iliyoombwa benki. Kijana akamjibu, "Mama, kompyuta haikosei." Watu wakacheka.

Nikaomba nione. Fomula ya jumla, yaani amri ya kujumlisha, iliishia mstari wa 214, na orodha ilikwenda hadi mstari wa 231. Wakulima 17 waliongezwa chini baadaye, na hakuna aliyebonyeza pale kwenye jumla akatazama hesabu inaanzia wapi na inaishia wapi. Mama yule alilipwa wiki tatu baada ya wenzake. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa.

Kukosea sikumlaumu. Kosa kama hilo limewakuta hata wakubwa. Mwaka 2010 wachumi mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakalishika kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 ikajulikana kwamba, pamoja na kasoro nyingine, fomula yao ya wastani kwenye Excel, programu ya majedwali ya hesabu kama lile la kijana wetu, iliziacha nchi tano nje. Aliyegundua ni mwanafunzi, Thomas Herndon, aliyekuwa akizirudia hesabu zao kama zoezi la darasani. Aliwaomba faili lenyewe, wakampa, akalifungua. Kilichoniuma mimi ni lile jibu la "haikosei", tena kwa mama aliyeshika ushahidi mkononi.

Ndiyo maana nasema jifunzeni kuandika programu. Kwenye Excel unaona tarakimu, fomula imejificha chini yake. Programu iliyoandikwa vizuri huweka kila hatua wazi: nimechukua orodha hii, nimetoa makato haya, nimejumlisha wote. Mwenzako anaisoma na kuirudia. Tena unaweza kuiamuru ihesabu majina na ikatae kuendelea kama waliolipwa ni pungufu ya waliouza. Amri hiyo ni mistari miwili tu, na ingewaokoa watu 17. Isitoshe, ukurasa mmoja wa Excel unaishia mistari 1,048,576. Mkaguzi akiletewa miamala ya simu ya mwaka mzima, ataiweka wapi?

Lakini nanyi mnaoringia Python, nisikilizeni. Mmoja wenu alinijia na cheti chake. Nikampa taarifa ya benki na daftari la fedha avisuluhishe, yaani aeleze kwa nini havilingani. Hakujua hundi ambayo haijawasilishwa benki ni kitu gani. Sasa mwanangu, hiyo programu utaiambia ifanye nini? Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza takriban dola milioni 440 kwa kama dakika 45, kwa sababu programu yake ya kununua na kuuza hisa iliwekwa vibaya. Waandishi wa programu hawakukosekana pale.

Mengine nayataja kwa kifupi. Anayetaka dirisha la benki au kazi ya ofisa mikopo, Excel safi na kumjua mkopaji vitamfikisha mbali. Anayetaka ukaguzi, vihatarishi au masoko ya mitaji aanze sasa, SQL kwanza, ile lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, Python baadaye. CPA msiiache. Msinunue kozi za bei kali wakati masomo ya bure yamejaa mtandaoni.

Na sisi wakubwa tunalo la kujibu. Tunawafundisha Excel kwa chaki ubaoni, chumba cha kompyuta kina kufuli linalofunguliwa siku ya mgeni rasmi, halafu tunashangaa kijana akiiogopa mashine kama mganga. Wazazi tunauliza cheti kiko wapi, hatuulizi umejua nini.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani kwangu. Ninazo karatasi za mauzo ya tumbaku za misimu mitatu, majina nimeyafuta, na makosa nimeyaacha humohumo. Njooni na kompyuta hata moja kwa watu wanne. Mhasibu yule naye nimemwalika, amesema atakuja.

Babu yenu, mhasibu mstaafu wa ushirika,
Tabora