Kwa mwanangu uliyesoma fizikia na sasa unataka uhandisi

Mwanangu,

Mamako ameniambia unaulizia karo ya kurudi chuoni, uanze tena mwaka wa kwanza, safari hii usomee uhandisi wa umeme. Shahada ya fizikia uliyoitoa Maseno unaiona kama miaka iliyopotea. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenye swali lako ni wengi, Kisumu, Kakamega na hata huku Nakuru, na mimi mama yako mdogo nilitoka fizikia nikaingia kazi za jotoardhi, yaani kuzalisha umeme kwa joto la chini ya ardhi.

Tuanze na sheria, maana hiyo haina njia ya mkato. Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, hapa Kenya mtu hajiiti mhandisi mpaka Bodi ya Wahandisi imsajili. Bodi hutaka shahada ya uhandisi inayoitambua, kisha angalau miaka 3 ya kazi kabla ya kukusajili kuwa mhandisi kamili. Shahada yako si ya uhandisi. Kama moyo wako uko kwenye muhuri, yaani uidhinishe michoro kwa jina lako, basi rudi shule na nitachangia karo kwa furaha. Ukifikiria uzamili wa uhandisi juu ya fizikia, iandikie Bodi kwanza uulize kama itakusajili nao. Subiri jibu la maandishi ndipo ulipe. Neno la ofisi ya udahili pekee halitoshi.

Lakini sijawahi kukusikia ukitamani muhuri. Tangu utotoni unataka kujua kwa nini pampu imekufa. Kazi ya namna hiyo ipo, na mlango wake hauko mbali na ulipo.

Chukua Menengai, volkano iliyo hapa juu ya mji, ambako huchimbwa mvuke wa kuzalisha umeme. Kisima cha kwanza kilianza kuchimbwa 2011, na 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kuzalisha umeme. Kisima kimoja hula mamilioni ya dola, kwa hiyo hakuna anayechimba kwa kubahatisha. Kabla ya mtambo wa kuchimba kufika, watu wa jiofizikia, yaani fizikia ya ardhi, hufukia koili na elektrodi ardhini, waziache usiku kucha zikirekodi mawimbi ya umeme na sumaku yanayotokana na radi za dunia nzima na upepo wa jua. Wimbi la polepole huzama zaidi. Kina chake kwa mita ni takriban 500 mara kipeuo cha pili cha zao la ukinzani wa mwamba (jinsi unavyozuia umeme) na kipindi cha wimbi (sekunde za mzunguko wake mmoja). Mwamba wa om-mita 10 na wimbi la sekunde 10 vinakupa kilomita 5. Udongo wa mfinyanzi uliozaliwa na joto hupitisha umeme kwa urahisi, na mara nyingi hukaa kama kifuniko juu ya mvuke. Ukiuona kwenye picha ya data, unaanza kujua pa kuchimba. Hiyo ni milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, ile ile iliyokukosesha usingizi mwaka wa tatu! Baadaye kisima kikishachimbwa, lazima mtu ashushe vipimo vya joto na mgandamizo mle ndani, mahali penye zaidi ya nyuzi 300, kisha aseme namba zile zina maana gani. Mwanafizikia hahitaji kuomba radhi akiwa kwenye kazi hiyo.

Kitu utakachopungukiwa nakijua, na nataka ukijue mapema. Darasani tulizoea kuambiwa tupuuze msuguano. Kazini msuguano ndio kazi yenyewe. Bomba la maji ukilipunguza kipenyo kwa nusu, ukitaka maji yale yale yapite, nguvu inayopotea njiani hupanda karibu mara 32. Mradi mzima wa maji unaweza kufa kwa sababu mtu alinunua bomba la bei nafuu, na pampu ikalaumiwa bure. Kwa hiyo jifunze kusoma michoro, viwango vya kitaifa, bei za vifaa, na kuuliza nani atakirekebisha kifaa baada yako na spea ataitoa wapi. Hayo hayafundishwi katika fizikia, lakini fundi mzuri wa Kondele, pale Kisumu, anayajua yote. Kaa naye, beba spana, usikimbilie kumwonyesha hesabu.

Na sola usiidharau. EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli nchini, hutoa leseni za mafundi wa sola kwa madaraja, na wewe nadharia ya paneli unayo tayari, umebakiza mikono. Huko Nyakach na Seme pampu za sola zinahitaji watu wanaojua kwa nini kiwango kilichoandikwa kwenye paneli hakipatikani saa nane mchana paa likiwa moto.

Wakikuuliza nyumbani kama sasa utafundisha, usikasirike. Ualimu ni kazi ya heshima, nawe ukiutaka kuna diploma yake ya baada ya shahada. Ila usiuchukue kwa hofu.

Nipigie Jumapili jioni. Kabla ya hapo nenda kwenye ile pampu ya maji ya kwa nyanya, upime urefu wa bomba, kipenyo chake, kimo cha tanki, na lita zinazotoka kwa dakika. Fanya hesabu bila msuguano, kisha uifanye tena nao. Nataka uniambie ni ipi iliyokaribia maji uliyoyapima kwa ndoo.

Mama yako mdogo,
Nakuru