Vanishi inaua mabaraza ya mbao ya nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye nyumba, wenye hoteli na mafundi wenzangu wa Dar es Salaam. Tuache kupaka vanishi kwenye mbao ngumu zinazokaa nje. Kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni mabaraza ya mninga, mvule, mkongo na msaji, na siku hizi hata ipe kutoka Amerika Kusini, yanang'aa kama kioo siku ya kukabidhiwa, masika moja ikipita yanabanduka magamba. Mwenye nyumba anaambiwa mbao zilikuwa mbovu. Mara nyingi mbao hazina kosa lolote.

Vanishi hukaa juu kama utando mgumu, lakini mbao zilizo chini yake hazitulii. Masika zinakunywa unyevu na kuvimba; jua la Januari na Februari linazikausha zinasinyaa. Utando hauwezi kwenda na mwendo huo, hivyo unapasuka, kwanza kwenye ncha na kuzunguka skrubu. Maji yakishapenya hapo hayana pa kutokea, na weusi unaanza. Halafu vanishi isiyo na rangi hupitisha miale ya jua, miale inakula uso wa mbao, na utando unabaki umeshikilia unga tu. Msaji na ipe zina mafuta yake ya asili, kwa hiyo vanishi haishiki sawasawa tangu mwanzo. Kupaka koti jipya juu ya lililobanduka ni kutupa fedha.

Kinachofaa ni mafuta ya mbao za nje, yale yanayopenya, tena yenye rangi kidogo ya kahawia. Chembe za rangi ndizo zinazokinga jua. Mafuta yasiyo na rangi hufukuza maji lakini hayazuii mbao kuwa kijivu. Mafuta ya kitani mabichi yasitumike nje hapa pwani, hata yakiuzwa bei poa. Yanachelewa mno kukauka, na kuvu huyala mpaka sakafu yote inakuwa nyeusi.

Msimu wa kazi hii ni Juni hadi Septemba. Baraza lioshwe kwa sabuni ya unga na brashi ya nailoni kufuata nyuzi za mbao, lisuuzwe, kisha liachwe likauke siku 2 au 3 za jua. Mwenye kipimo cha unyevu asubiri kisome asilimia 15 au chini. Waya wa kusugulia masufuria usikanyage hapo: vipande vyake hubaki kwenye nyuzi, vinapata kutu, na chuma kikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, hutoa madoa meusi. Madoa hayo huondolewa kwa asidi ya oksaliki, gramu 100 kwenye lita 1 ya maji ya vuguvugu, ikae dakika 15, kisha isuuzwe kwa maji mengi. Vaa glovu na miwani, na usiichanganye kamwe na Jiki, kwa sababu itatoka gesi ya klorini. Mashine ya kuoshea magari nayo, ikisogezwa karibu, inachana nyuzi na kuacha uso wa manyoya.

Vanishi ya zamani iondolewe yote kwa msasa namba 60, kisha 80, na hapo usimame. Fundi wa fanicha amezoea kumalizia na 240. Akifanya hivyo kwenye baraza anaziba vinyweleo, na mafuta hayataingia.

Paka asubuhi kabla jua halijakolea, au alasiri likishapungua. Ubao ukiwa wa moto mafuta hukauka juu kabla hayajapenya. Anza na ncha, mara mbili, maana maji huingia kwenye ncha upesi kuliko popote. Kisha chukua mbao mbili au tatu kwa wakati mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, usikatishe katikati, la sivyo alama ya kuungia itaonekana. Subiri dakika 15 hadi 20, halafu futa kwa kitambaa kikavu mafuta yote ambayo hayajanywewa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mteja akiona yanafutwa anadhani anaibiwa, na fundi naye anaona aibu kufuta, basi yanaachwa. Yaliyobaki juu hayakauki vizuri: yananata, yanashika mchanga na nyayo. Yakishanata, sugua kwa kitambaa chenye tapentaini kabla hayajaganda kabisa. Baraza la mita 4 kwa 5 likiwa la mvule linatumia lita 2 hadi 2 na nusu kwa mkono mmoja wa kupaka. Ipe, kwa ugumu wake, hunywa mafuta machache kuliko hayo, na mkono mmoja unatosha.

Vitambaa vilivyotumika visikunjwe wala kurundikwa stoo. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vilowekwe kwenye ndoo ya maji au vitandazwe kimoja kimoja uwanjani.

Yako mambo ambayo mafuta hayatibu. Mbao zilizolazwa karibu kabisa na zege, bila hewa kupita chini, hulowa upande wa chini na kukauka juu, kisha kingo zinanyanyuka. Acha nafasi ya sentimita 15 chini, milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao, na maboriti yanayobeba mbao yasiachane zaidi ya sentimita 45. Skrubu karibu na bahari ziwe stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 hutoboka kwa chumvi, na za mabati huchirizisha weusi. Toboa kwanza, usilazimishe. Na unaponunua, kataa ubao wenye mstari mweupe pembeni, hasa wa msaji mchanga: sehemu hiyo ni chakula cha mchwa, hata ukiipaka nini.

Muda wa kurudia utaujua kwa matone ya maji. Yakikaa juu, acha. Yakinywewa ndani ya dakika chache, osha na upake. Kwenye jua kali ni kama mara moja kwa mwaka. Asiyetaka gharama hiyo aziache mbao ziwe kijivu, hazitapungua nguvu, ila ncha aendelee kuzipaka mafuta na skrubu azikague kila baada ya masika.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam